Mafundi Walioanza na Mfereji wa Paa: Tathmini ya Kazi ya Kukarabati na Kupaka Rangi Ukumbi Wetu wa Kale

Ukumbi wetu wa jumuiya una zaidi ya miaka 100, na kwa muda wote huo watu wa rika zote wameutumia kwa mikutano, kwa kupiga kura, kwa mazoezi ya kwaya na kwa kuagana na marehemu wao. Kabla ya ukarabati ninaouelezea hapa, kuta zake za nje zilikuwa zimefikia hali ya kusikitisha: rangi ilikuwa imeota malengelenge na kubanduka kwa vipande vya ukubwa wa kiganja, lipu iliyo chini ya madirisha ilitoa mlio wa debe tupu ukiigonga kwa kidole, na mbawa za mbao za madirisha zilikuwa zimelainika kiasi kwamba ncha ya kisu iliingia bila kusukumwa. Nilikuwa mmoja wa wajumbe watano wa kamati iliyopewa jukumu la kutafuta mafundi, kusimamia kazi yao na kuwaeleza wanachama kila hatua. Nimesubiri misimu miwili ya mvua ipite juu ya kazi hiyo ndipo niandike, kwa sababu siku jukwaa la mafundi linaposhushwa kila rangi hupendeza. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa nina lawama mbili nzito za kuitolea pamoja na sifa nyingi, na nia yangu ni kumsaidia mtu mwenye jengo kama letu ajue ni huduma ya namna gani anayopaswa kuidai.

Tulipokea makadirio kutoka kwa makandarasi watatu. Mawili yalikuwa ya ukurasa mmoja mmoja, na yote mawili yalisema jambo lile lile kwa maneno yanayokaribiana: kukwangua rangi iliyolegea, kuziba nyufa kwa putii, kupaka rangi ya msingi, kisha kupaka rangi ya nje mara mbili. Mkandarasi wa tatu, ambaye ndiye tuliyempa kazi, alikataa kutaja bei kabla ya kuliona jengo likiwa limelowa. Tulidhani ni kisingizio cha kutuchelewesha, mpaka asubuhi moja, mvua kubwa ikinyesha, alipopiga simu kusema kwamba yuko nje ya ukumbi. Mwenyekiti wa kamati na mimi tulimkuta fundi mkuu amesimama uwanjani katika koti la mvua, haitazami kabisa rangi iliyobanduka, macho yake yote yako kwenye ukingo wa paa.

"Fundi, shida yetu iko huku chini," mwenyekiti alimwambia.

"Mama, ukuta huu hauna kosa," alijibu bila kuteremsha macho. "Ukuta unanyweshwa."

Alituonyesha kwa kidole. Mfereji wa bati ulio ukingoni mwa paa, ambao mafundi huuita gata, ulikuwa umeachia kwenye kiungo kimoja, na maji yalikuwa yakiteremka ukutani kwa utepe mpana unaolingana kabisa na mahali palipobanduka rangi vibaya zaidi. Bomba la kuteremshia maji pembeni lilikuwa limezibwa na majani, hivyo lilijaa hadi juu na kufurika kwa nyuma, upande ambao hakuna mtu anayeuona. Chini nako, udongo wa bustani ulikuwa umerundikwa mwaka baada ya mwaka hadi ukapita kimo cha sakafu ya ndani, na njia ya zege iliyojengwa ikiushika ukuta ilikuwa ikirusha matone ya mvua juu ya matofali kila tone lilipoanguka. Maji yalikuwa yakiingia kwa njia tatu: kutoka juu kwa kuvuja, kutoka pembeni kwa kurushwa, na kutoka ardhini kwa kufyonzwa, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Sisi tulikuwa tumechangisha fedha za rangi, na wala hatukuwa na senti moja katika bajeti kwa ajili ya gata.

Taarifa yake ilipokuja ilikuwa na kurasa 19, pamoja na picha za kila ukuta, na rangi ilianza kutajwa ukurasa wa 14. Kazi ya kwanza iliyoorodheshwa ilikuwa kutengeneza mifereji na mabomba, ya pili kuuteremsha udongo na kukata ukanda wa zege ili kuweka kokoto mahali pake, na ya tatu kuondoa lipu ya saruji iliyopigwa na mkandarasi mwingine miaka mingi iliyopita. Hiyo ya tatu ndiyo iliyozua mabishano makali katika mkutano wa wanachama, kwani wengi waliikumbuka kazi ile ya saruji kama ukarabati uliolinusuru jengo, na haikuwa rahisi kuwaambia watu waliochanga fedha zao kwamba kilichowekwa kwa nia njema ndicho kilichokuwa kikiula ukuta.

Naomba nilieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, maana mtu asiyelielewa atarudia kosa lile lile. Saruji ya Portland tunayoijua leo ina asili yake katika hataza, yaani haki ya mvumbuzi, aliyopewa Joseph Aspdin nchini Uingereza mwaka 1824, na ilichukua miongo mingi kabla ya kuenea. Kuta nyingi za kale, zikiwemo zetu, zimeungwa na kupigwa lipu kwa chokaa na mchanga. Ukuta wa namna hiyo huingiwa na unyevu, kisha huutoa wenyewe hewani jua na upepo vinapoufikia, kwa kuwa chokaa ina vinyweleo vingi na ni laini kuliko tofali. Ukiufunika kwa lipu ya saruji, ambayo ni ngumu na haipitishi mvuke kwa urahisi, halafu ukaongeza juu yake rangi ya plastiki, maji yanayoingia kwa nyufa ndogo hukosa njia ya kutokea. Hutuama nyuma ya lipu, hupanda juu zaidi, huyeyusha chumvi zilizomo katika matofali na udongo, na kila yanapokauka chumvi hizo hugeuka kuwa fuwele zinazotanuka ndani ya vinyweleo na kuusaga uso wa tofali kuwa unga.

Niliyaona haya kwa macho yangu siku ya kwanza ya kubomoa lipu ile. Kijana mmoja wa kundi hilo alipitisha patasi bapa kwenye ufa, akaisukuma kwa mkono bila kugonga nyundo, na kipande kikubwa kama sinia kikatoka kizima kikamwangukia mapajani. Nyuma yake tofali lilikuwa na rangi nzito ya kulowa ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa siku 11, na juu yake palikuwa na manyoya meupe ya chumvi, laini kama unga wa muhogo, yaliyotoweka nilipoyagusa. Harufu iliyotoka ilikuwa ya pango. Fundi mkuu alilipitisha dole gumba juu ya tofali, na uso wake ukamomonyoka kama biskuti iliyolowa. Hakutoa hotuba yoyote. Aliwaita wajumbe waliokuwa wamepinga, mmoja mmoja, nao wakapitisha vidole vyao mahali pale pale.

Kisha kazi ikasimama. Kuta ziliachwa wazi kwa wiki sita ili zikauke, zikipigwa brashi kavu kila baada ya siku chache kuondoa chumvi iliyojitokeza, na vumbi lake likizolewa lisirudi ardhini penye ukuta. Hakuna kipindi kilichotukera kuliko hiki, kwa sababu mpita njia aliona jengo lililochunwa ngozi na jukwaa lisilo na mtu, na simu za malalamiko ziliniishia mimi. Sasa ninaona kwamba wiki hizo sita ndizo zilizokuwa na thamani kubwa kuliko zote tulizolipia. Mkandarasi anayekubali kupaka rangi juu ya ukuta uliolowa kwa sababu mteja ana haraka anauza kazi mbili, ya leo na ile atakayoitiwa baada ya miaka mitatu.

Lipu mpya ilipigwa kwa chokaa. Jiwe la chokaa huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi mpaka litoe hewa ukaa yake, kisha huzimwa kwa maji, tendo linalochemka na kutoa moshi wa mvuke kiasi cha kuunguza ngozi na macho ya asiyejikinga. Kinachopatikana hutunzwa chini ya maji hadi kiwe laini kama siagi, na kikishachanganywa na mchanga na kupigwa ukutani huanza kuivuta tena kutoka hewani ile hewa ukaa iliyofukuzwa na moto, na hivyo hurudi kuwa jiwe. Safari hiyo ni ya wiki na miezi, na haitaki kuharakishwa. Mafundi walipiga lipu kwa tabaka tatu nyembamba, wakalowesha ukuta kabla ya kila tabaka, wakatundika magunia mabichi mbele yake ili jua na upepo visiukaushe ghafla, na kila jioni mtu mmoja alibaki nyuma kuyanyunyizia magunia hayo maji. Mahali ambapo matofali hayakuwa na lipu, maungio yaliyooza yalichimbwa kwa patasi na nyundo ndogo hadi kina kisichopungua mara mbili ya upana wa ungio, kisha yakajazwa kwa chokaa iliyo laini kuliko tofali. Niliuliza kwa nini hawatumii msumeno wa umeme, kazi iishe upesi. Fundi alinionyesha mstari mmoja uliokatwa zamani na mtu mwingine kwa mashine, ambapo kingo za matofali zilikuwa zimeliwa na ungio lililokuwa jembamba kama penseli limekuwa pana kama kidole. Kwa sababu hiyo hiyo walikataa ombi la mjumbe mmoja la kusafisha kuta kwa maji ya kasi kubwa au kwa kupiga mchanga, kwani maji ya namna hiyo huingia ndani kabisa ya maungio, na mchanga huondoa ule uso mgumu ambao tofali liliupata tanuruni na ambao haurudi tena.

Upande wa mbao, hatari ilikuwa ya aina nyingine. Jengo la umri huu karibu hakika lina rangi yenye madini ya risasi katika matabaka ya chini. Madhara yake yalijulikana mapema: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kudhibiti matumizi ya rangi nyeupe ya risasi mwaka 1921, lakini rangi za namna hiyo ziliendelea kuuzwa katika nchi nyingi kwa miongo kadhaa, na Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978 tu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wanaotambaa penye vumbi na kupeleka vidole kinywani. Kampuni hii ilipima kabla ya kugusa chochote, na majibu yalipoonyesha risasi katika mbawa zote na katika mlango mkuu, walibadilisha utaratibu wote. Hakuna msasa mkavu uliopitishwa, na hakuna moto wa gesi uliowashwa. Mbao zililoweshwa na kukwanguliwa zikiwa mbichi, nailoni nene ilitandazwa ardhini na kufungwa kila jioni pamoja na uchafu wake, wafanyakazi walivaa barakoa zenye vichujio na kuacha nguo zao za kazi pale pale. Darasa la watoto wadogo linalofanyika ukumbini lilihamishiwa kwingine kwa kipindi chote hicho, kwa barua iliyoandikwa na kampuni yenyewe kabla hata sisi hatujawaza jambo hilo. Kama ningelazimika kutaja jambo moja tu la kumuuliza mkandarasi kabla ya kumsainisha mkataba, lingekuwa hili: rangi ya zamani utaiondoaje, na vumbi lake utalipeleka wapi? Wale wengine wawili walikuwa wameandika neno "kupiga msasa" na hakuna zaidi.

Sehemu iliyonigusa moyo kuliko nyingine ilikuwa kutafuta rangi ya asili. Pembeni mwa mlango mkuu, mahali palipokingwa na bawa la mlango, fundi alisugua duara dogo kwa msasa laini na maji, taratibu, kutoka katikati kuelekea nje, mpaka matabaka yote yakajitokeza kama miviringo ya ndani ya gogo lililokatwa. Niliyahesabu kwa kioo cha kukuzia: kijivu cha juu tunachokijua sote, chini yake krimu mbili zinazofanana, halafu kijani kilichopauka, halafu nyeupe, na chini kabisa, ikiwa imeshika lipu ya kwanza ya jengo, rangi ya manjano ya udongo yenye joto kama ya yai la kuku wa kienyeji. Wazee wetu waliokuwepo walinyamaza. Hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuuona ukumbi ukiwa na rangi hiyo.

Mjadala uliofuata ulidumu mikutano miwili. Baadhi ya wanachama walitaka nyeupe kwa kuwa ndiyo waliyoikulia, na mmoja alileta sampuli ya buluu nzuri sana. Kampuni haikutuamulia, nami naipa sifa kwa hilo, ila ilituwekea mezani mambo ya kupimia. Buluu ile, alieleza fundi, ilikuwa ya Prussia, aina ya buluu inayotengenezwa kikemia, na chokaa ni kali kiasi kwamba huiharibu rangi hiyo na kuigeuza kuelekea kahawia, ilhali rangi za udongo, ambazo chanzo chake ni oksidi za chuma, hukaa na chokaa bila ugomvi. Alitukumbusha pia kanuni iliyo katika Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, kwamba urejeshaji hukoma pale ambapo kubahatisha kunaanza. Kwa kuta tulikuwa na ushahidi kamili, kwa hiyo tungeweza kurudisha manjano tukiwa na uhakika. Kwa mapambo ya juu ya mlango, ambayo picha moja tu ya zamani iliyofifia iliyaonyesha kwa mbali, hatukuwa na ushahidi wa kutosha, na alishauri yaachwe yalivyo. Tulipiga kura, tukachagua manjano, na mapambo hatukuyagusa.

Kuhusu aina ya rangi, tulipewa chaguo mbili zinazoruhusu ukuta kupumua. Ya kwanza ilikuwa chokaa ya kupaka yenye poda ya udongo, na ya pili rangi za silikati, ambazo Adolf Wilhelm Keim alizipatia hataza nchini Ujerumani mwaka 1878 na ambazo hushikana na ukuta wa madini kikemia badala ya kuufunika kwa utando. Rangi za silikati hudumu muda mrefu zaidi. Tulichagua chokaa hata hivyo, kwa sababu wanachama wetu wenyewe wanaweza kufundishwa kuipaka upya, na jengo la jumuiya linatunzwa vizuri zaidi likiwa mikononi mwa wanaolitumia. Ilipakwa mara tano, kila mara ikiwa nyepesi kama maziwa, na ukiitazama wakati inapakwa unaweza kukata tamaa, kwani ikiwa mbichi haionekani kufunika kitu, kisha kesho yake unakuta ukuta umeng'aa.

Mbawa za madirisha zilitengenezwa kwa subira ambayo sikuitarajia. Badala ya kuagiza mpya, seremala alikata sehemu iliyooza tu, akachonga kiraka cha mbao ya aina ile ile chenye maungio ya mshazari, akakigundisha na kukisawazisha. Kati ya mbawa 22, mbili tu zilishindikana kabisa. Mkataba wa Burra, mwongozo mwingine wa uhifadhi ulioandikwa Australia mwaka 1979, unataka mabadiliko yawe kwa kadiri inavyolazimu na kwa uchache unaowezekana, na seremala yule aliutekeleza kwa patasi yake. Kabla ya kupaka rangi alipima unyevu wa kila ubao kwa kifaa kidogo chenye sindano mbili. Kuvu wanaoozesha mbao hustawi unyevu unapozidi takriban asilimia 20, na yeye hakupaka ubao wowote uliosoma zaidi ya asilimia 15. Miisho ya mbao, ambako maji hunywewa kama kwa mrija, aliipaka mara tatu zaidi ya kwingine. Rangi ilikuwa ya mafuta ya kitani, na kila jioni niliona vitambaa vyote vilivyofutia mafuta hayo vikitumbukizwa katika ndoo ya maji yenye kifuniko. Nilipouliza, niliambiwa kwamba vitambaa hivyo vikirundikwa vikiwa vibichi hupata joto vyenyewe hadi kuwaka moto, na kwamba majengo ya kale yameteketea kwa sababu hiyo mikononi mwa watu waliokuja kuyatengeneza.

Ni katika kazi hiyo hiyo ya mbao ndipo lilipotokea kosa la kwanza. Bawaba za mlango wa upande wa mashariki, za chuma kilichofuliwa kwa mkono, kila moja ikiwa na alama ya nyundo ya mhunzi aliyeifua, ziliondolewa na kuwekwa bawaba mpya za dukani. Hatukuulizwa. Nilipogundua, siku ya tatu, zile za zamani zilikuwa zimekwishapelekwa pamoja na vyuma chakavu. Zilikuwa na kutu, na labda moja ilikuwa imepinda, lakini chuma cha namna hiyo hunyooshwa kikarudi mahali pake. Kampuni iliyotufundisha kuheshimu tabaka la rangi lisilo na unene wa ukucha ilipoteza vitu vinne ambavyo hakuna fedha itakayovirudisha. Fundi mkuu aliomba radhi kwa maandishi na akatufidia kwa kazi ya ziada. Radhi tuliipokea. Hata hivyo, kosa lilianzia kwenye mkataba wao, ambao haukuwa na kifungu kinachozuia kitu chochote cha asili kutoka nje ya eneo la kazi bila saini ya mwenye jengo.

La pili linahusu ukuta wa pembetatu ulio juu ya mlango mkuu. Siku ya kuufungua ukumbi ilikuwa imetangazwa, jukwaa upande huo lilikuwa bado limesimama, na baadhi ya wajumbe wetu walishinikiza ukuta huo umalizwe. Mafundi walikubali kupaka chokaa tabaka mbili za mwisho mchana wa jua kali, bila magunia, kinyume kabisa na walivyofanya kwingine kote. Chokaa inayokauka kabla ya kuivuta hewa ukaa ya kutosha haigeuki jiwe, hubaki unga. Baada ya miezi minne, mtu aliyeegemea ngazi kule juu alishuka na mgongo wa manjano, na mvua za kwanza zilichora michirizi iliyofifia iliyoonekana kutoka barabarani. Ni kweli shinikizo lilitoka kwetu, na nimelisema hilo mbele ya wanachama. Lakini mtaalamu ndiye anayelipwa kusema hapana, kama alivyosema hapana kuhusu ukuta uliolowa na kuhusu maji ya kasi. Walirudi msimu uliofuata, wakasugua unga wote, wakapaka upya kwa gharama yao, safari hii alfajiri na jioni tu. Sehemu hiyo sasa ni imara, ingawa jicho la karibu litaona kwamba imekoza kidogo kuliko kuta za pembeni.

Mengine naweza kuyapitia haraka. Jukwaa lilisimama kwa miguu yake lenyewe bila kutobolewa tundu hata moja ukutani, njia ya waenda kwa miguu ilikingwa kwa turubai, na eneo liliachwa safi. Kazi ilichukua wiki tano zaidi ya ratiba, zote kwa sababu ya kusubiri ukuta ukauke na hali ya hewa itulie. Hawakupaka rangi ya mafuta isipokuwa joto la ubao lilizidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewani huanza kugeuka matone, kwa angalau nyuzi 3, na siku nyingine hilo lilimaanisha saa nne tu za kazi. Daftari la kumbukumbu, lenye uwiano wa chokaa na mchanga, aina ya poda, picha na tarehe za kila tabaka, lilichelewa miezi miwili na likaja baada ya barua tatu za kulidai.

Bei yao ilikuwa ya juu kuliko zote tatu, na wanachama wana haki ya kujua ilikwenda wapi. Katika mchanganuo wetu wa mwisho, rangi na chokaa zenyewe zilichukua sehemu ndogo mno. Fungu kubwa lilikuwa la jukwaa na la siku za mikono ya watu kabla ya brashi ya kwanza kuchovywa. Aliyetoa bei ya chini kabisa angepaka rangi ileile juu ya gata lilelile lililoachia.

Mvua za mwaka huu zilipokuwa nzito kuliko kawaida, nilikwenda usiku mmoja na tochi kuutazama ukuta wa magharibi. Maji yalikuwa yakinguruma ndani ya bomba na kumwagika kwenye kokoto. Ukuta ulikuwa umekoza rangi kwa kulowa mvua, kama ukuta wa chokaa unavyopaswa, na siku mbili baadaye ulikuwa umerudi kwenye manjano yake bila lengelenge wala doa la chumvi. Mwezi uliopita tumewapa kampuni hiyo hiyo mkataba wa kuwafundisha vijana 8 wa jumuiya namna ya kupaka chokaa na kusafisha mifereji, na kifungu cha kwanza, nilichokiandika mwenyewe, kinasema kwamba hakuna bawaba, komeo wala msumari wa asili utakaotoka getini bila saini mbili. Lile duara dogo la matabaka sita pembeni mwa mlango tuliomba lisifunikwe, nao wameliachia fremu nyembamba ya mbao.